Lumbesa ya takwimu: nani anakagua mizani ya Serikali?

(Haya ni maneno niliyosema kwenye kikao cha vijana wa Chama, Kata ya Gerezani. Wengi mliomba niyaandike. Nimepunguza marudio na utani, mengine nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni.)



  Nimepewa dakika ishirini. Najua kuna watu wameacha meza zao Mtaa wa Congo wakaja hapa, na kila dakika ninayoongea wao wanapoteza mteja. Kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Naanza na swali la sokoni. Hapa Kariakoo, kwa nini tunaamini mizani?

Ukienda kununua kilo mbili za maharage, humjui muuzaji, humjui baba yake. Lakini unalipa. Unalipa kwa sababu ile mizani inatakiwa iwe imekaguliwa na Wakala wa Vipimo na kupigwa chapa. Muuzaji akiichezea, kuna sheria inamsubiri. Na hata bila sheria, wewe mwenyewe unaweza kuchukua ule mfuko ukaenda kuupima duka la pili. Mambo matatu: mizani imekaguliwa, anayeichezea anaadhibiwa, na mnunuzi anaruhusiwa kupima tena.

Na wote mnaijua lumbesa. Gunia linaitwa gunia moja, lakini limeshonewa kilemba juu, na mkulima anapunjwa huku jina la kipimo likiwa lilelile. Ubaya wa lumbesa ni huo: jina ni sahihi, kilichomo siyo.

Mimi leo naongelea lumbesa ya taarifa. Serikali inatupa taarifa kila siku: bei, mfumuko, vifo, wagonjwa, majengo yaliyokaguliwa. Zina muhuri, zina nembo ya bibi na bwana. Swali langu ni moja. Nani anakagua mizani ile? Na mimi raia nikienda kupima duka la pili, naruhusiwa?

Tuanze hapa hapa mtaani kwetu.

Jumamosi ya Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa liliporomoka pale Mchikichi na Congo. Wengi wenu mlikuwepo, wengine mlichimba kwa mikono kabla mitambo haijafika. Kesi ilifikishwa mahakamani, kwa hiyo kuhusu nani ana kosa sisemi neno, na nawaomba na nyie msiseme. Mimi nazungumzia namba tu.

Jumapili tuliambiwa waliofariki ni 13. Jumatatu, kwenye kuwaaga marehemu pale Mnazi Mmoja, ikawa 16. Jumatano, Rais alipofika eneo la tukio, 20. Mwishoni mwa mwezi ule watu watatu wakapandishwa kizimbani Kisutu kwa mashtaka 31 ya kuua bila kukusudia.

Sasa nataka tuwe waungwana hapa. Namba kupanda katika janga la namna ile siyo uongo. Watu walikuwa bado wako chini ya kifusi. Hakuna Serikali duniani ingejua hesabu kamili siku ya kwanza, hata tungekuwa sisi madarakani. Anayesema "mbona jana walisema 13, leo 16, waongo hao" anakosea, na anatuharibia hoja.

Hoja yetu ni nyingine. Kila namba ilipotolewa, ilitakiwa ije na wenzake: ni hesabu ya saa ngapi, imetoka hospitali au eneo la tukio, inahusu miili iliyotolewa au na waliofia wodini, na ya nyongeza itatolewa lini na nani. Na palitakiwa pawe na meza moja, ya ofisi moja, ambapo mama anayemtafuta mwanae anakwenda anaulizia jina. Badala yake watu walikuwa wanadaka kauli ya kiongozi huyu asubuhi, ya kiongozi yule mchana, wanajaribu kuziunganisha wenyewe.

Penye pengo la namna hiyo, unajua kinachoingia? Sisi ndio tunaingia. Na hapa naomba nijitaje.

Jumamosi ile jioni nilipata voisi kwenye kundi letu la WhatsApp. Sauti ya mwanaume anahema, anasema yuko pale, anasema waliokufa ni zaidi ya mia na "wanaficha". Mimi mwanafunzi wa sheria, mwaka wa tatu, niliyefundishwa ushahidi wa kusikia ni nini, niliisambaza makundi manne. Sikuuliza ni nani. Nilisambaza kwa sababu ilifanana na ninachokiamini kuhusu Serikali hii.

Baada ya nusu saa alinipigia shangazi mmoja wa mtaani kwetu. Hakunigombeza. Aliniuliza taratibu, "Mwanangu, hiyo umeitoa wapi? Mdogo wangu yumo mle." Sikuwa na jibu. Yule mdogo wake alitolewa mzima siku iliyofuata. Lakini usiku ule mzima, mama yule alikaa na "mia" yangu kichwani.

Niliwafuata watu wa yale makundi manne, nikaandika: nilichotuma sikuwa na uthibitisho wake, naomba radhi. Wengine walinicheka. Kuna mmoja akaniambia, "dada, unawasaidia CCM." Hapana. Mtu akiniambia kwamba kusema ukweli kunaisaidia CCM, amekwisha kubali kwamba ukweli siyo wetu. Mimi sikubali hilo.

Kwa hiyo somo la kwanza: taarifa mbovu ya Serikali na uvumi wetu ni mapacha. Mmoja akizaliwa, wa pili anafuata.

Twende kwenye mfano mkubwa zaidi. Korona.

Machi 2020 mgonjwa wa kwanza alitangazwa. Kwa wiki kadhaa Wizara ilikuwa inatoa namba. Ghafla mwisho wa Aprili Bara wakanyamaza. Zanzibar walitoa zao mwanzoni mwa Mei, na baada ya hapo Tanzania ikabaki na namba moja, 509, na vifo 21. Ikakaa hivyo zaidi ya mwaka, kana kwamba ugonjwa umefunga mahesabu. Mwezi ule wa Mei Rais Magufuli alisema maabara imepelekewa sampuli za papai na mbuzi na zimetoa majibu ya ajabu, kwa hiyo vipimo vina walakini.

Haya, tuchukulie wasiwasi wake ulikuwa wa kweli. Tuchukulie mizani ilikuwa mbovu. Mfanyabiashara wa Kariakoo mizani yake ikitiliwa shaka anafanya nini? Anaita fundi, inakaguliwa, inapigwa chapa upya, kesho biashara inaendelea. Hasemi "kuanzia leo nauza kwa kukadiria, na mtu asiulize uzito." Pale ndipo kosa lilipokuwa. Kutilia shaka takwimu ni haki, hata ya Rais. Kuzima takwimu ni kitu kingine.

Na waliolipa gharama ni watu kama wa hapa. Mwenye fremu Mtaa wa Aggrey alitakiwa aamue afungue au afunge, awaweke vijana wangapi ndani. Dereva wa daladala ya Gongo la Mboto hivyo hivyo. Waliamua gizani. Takwimu zilirudi mwaka 2021, baada ya Rais Samia kuunda kamati ya wataalamu iliyoshauri zitolewe. Hilo lilikuwa jema na tuliseme. Lakini jiulize: kama mtu mmoja akiamua zinazimika, na mwingine akiamua zinawaka, hiyo ni haki yetu au ni hisani yao?

Ndiyo maana naingia kwenye sheria. Msisinzie, ni fupi.

Katiba yetu, Ibara ya 18, inasema kila mtu ana haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Wakati wote. Kwa hiyo wewe hupewi zawadi.

Halafu tuna Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015. Mwaka 2018 Bunge liliibadilisha: ukitoa takwimu bila idhini ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, au takwimu za kupotosha na kutilia shaka zile rasmi, faini isiyopungua shilingi milioni 10, au jela isiyopungua miaka mitatu, au vyote. Rudini kwenye mizani yangu. Yaani ukipima maharage yako duka la pili, ukakuta yamepungua, ukasema hadharani, unakamatwa wewe. Hata Benki ya Dunia ilisema hadharani ina wasiwasi na mabadiliko yale. Mwaka 2019 sheria ikarekebishwa tena, ile jinai ya kutoa takwimu zako ikaondolewa. Nimeitaja ili mjue kitu kimoja: kelele zinasaidia. Kipengele kile hakikuondoka kwa huruma.

Mwaka ule ule wa 2018, Twaweza walitoa utafiti wao wa Sauti za Wananchi. Miaka miwili nyuma utafiti wa aina hiyo ulionyesha asilimia 96 wanakubali utendaji wa Rais, na sikumbuki nikisoma kwamba kuna mtu aliulizwa kibali. Uliposhuka hadi asilimia 55, Tume ya Sayansi na Teknolojia ikawaandikia barua kuuliza kuhusu kibali, na mkurugenzi wao akanyang'anywa hati ya kusafiria. Mizani ileile. Ikisoma juu, nzuri. Ikisoma chini, imeharibika.

Na bado ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16. Mtu akichapisha taarifa huku akijua ni ya uongo, faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka mitatu. Sitetei uongo, nimeshajitaja mwenyewe hapa. Ninachouliza ni hiki: ofisi ya umma ikitoa namba isiyo sahihi, kifungu chake kiko wapi? Nani anailazimisha irudi hadharani iseme "jana tulikosea, sahihi ni hii"? Sheria imemkaba aliye chini, aliye juu anapita tu.

Mataifa yameshaliona hili. Umoja wa Mataifa una kanuni 10 za takwimu rasmi, Baraza Kuu liliziidhinisha mwaka 2014. Mojawapo inasema ofisi ya takwimu ina haki ya kutoa maoni pale takwimu zinapotafsiriwa vibaya. Kutoa maoni! Yaani akikosea raia, mjibu, mwonyeshe hesabu. Pingu hazikutajwa.

Sasa kuna mtu ananiangalia kwa jicho la "dada, wewe kila kitu cha Serikali ni kibaya." Hapana. Naomba nitoe mfano wa taasisi ya Serikali hii hii iliyofanya vizuri, maana tukishindwa kusifu, lawama zetu hazina bei.

Mei 2024 kilikuja kimbunga Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa inatoa taarifa moja baada ya nyingine: kimbunga kiko umbali wa kilometa kadhaa kutoka pwani, kasi ya upepo ni hii, kinaelekea huku, mikoa itakayoguswa ni hii, tutaendelea kuwajulisha. Boti za Zanzibar zikasimama, wavuvi wengi wakavuta ngalawa zao. Kimbunga kilipopungua nguvu karibu na Mafia, wakasema pia kimepungua. Hawakuona aibu kubadilisha namba, kwa sababu kila namba ilikuwa na saa yake. Ndicho ninachokitaka. Kama tunaweza kwa upepo, tunashindwaje kwa zege?

Kutokana na mfano huo nimetengeneza maswali matano. Yaandikeni kwenye simu. Taarifa yoyote ya taasisi ya umma, iulize hivi:

Moja, imetolewa na nani kwa jina na cheo? "Serikali imesema" siyo jibu.

Mbili, ni ya tarehe na saa ngapi?

Tatu, walihesabu nini na kwa njia gani? Majengo "yaliyokaguliwa" ni yaliyopimwa na mhandisi, au yaliyotazamwa kutoka barabarani?

Nne, ikibadilika, watasema wazi nini kimebadilika, au watafuta ya zamani kimya kimya?

Tano, mtu mwingine anaweza kuipima tena na asipate matatizo?

Taarifa ikipita maswali yote matano, iamini hata kama inaisifu CCM. Ikishindwa matatu, usiisambaze hata kama inaisifu Chama chetu.

Sasa kazi. Sikuja kuwapa hotuba mkaenda kulala.

Baada ya ajali ile ya Novemba, Waziri Mkuu aliunda kamati ya watu 19 kukagua majengo ya Kariakoo. Vizuri. Na Sensa ya 2022 ilihesabu mpaka majengo, nchi nzima. Kwa hiyo usiniambie nchi hii haijui kuhesabu majengo. Wiki iliyopita nimezunguka kuanzia Msimbazi mpaka Mtaa wa Swahili, nikawauliza wapangaji 22 wa fremu swali moja: jengo ulilopo limekaguliwa, na majibu yalikuwaje? Ishirini na mbili siyo utafiti, msije mkaandika "utafiti umeonyesha". Lakini hakuna hata mmoja aliyeniambia ana karatasi. Kaka mmoja anauza vyombo ghorofa ya pili aliniambia, "Walipita watu, wakaangalia nguzo, wakaondoka. Mwenye nyumba amesema liko sawa." Mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita kwa mpigo! Atasema liko vipi?

Yule kaka analala na mzigo wa mkopo pale juu, na chini yake kuna stoo. Taarifa anayoihitaji ni mstari mmoja: jengo hili, siku hii, mhandisi huyu, majibu haya. Huo mstari ndio tofauti ya kuhamisha mzigo mapema na kusubiri kifusi.

Tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Kila taasisi ya umma inatakiwa iwe na afisa wa kushughulikia maombi ya taarifa. Raia anaandika ombi, na jibu linatakiwa litoke ndani ya siku 30. Asiyejua kuandika anatakiwa asaidiwe. Barua yenyewe haizidi ukurasa mmoja: jina lako, anwani yako, taarifa unayoitaka, jina la jengo na mtaa. Huna haja ya wakili.

Tufanye hivi. Tutaandika barua kwa Halmashauri ya Jiji, jengo kwa jengo, kwa jina la mpangaji anayekubali mwenyewe. Naomba sana hapo: anayekubali mwenyewe. Mtu ana fremu, ana mwenye nyumba mkali, tusimtumie kama kisu chetu halafu tukamwacha. Asiyetaka, aandike mmoja wetu kama raia. Tutabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na tutahesabu siku. Zikifika 30, tutatangaza zilizojibiwa na zisizojibiwa. Zilizojibiwa tutazitangaza kwanza, na kushukuru.

Sheria yenyewe ina shimo, nalo tulidai lizibwe. Ukinyimwa, unaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi ile ile, kisha unakata rufaa kwa Waziri, na uamuzi wake ni wa mwisho. Yaani muuzaji amekupunja, unamshtakia baba mwenye duka. Majirani zetu Kenya nao walitunga sheria yao 2016. Kwao jibu ni siku 21, na likihusu uhai au uhuru wa mtu ni saa 48. Malalamiko yanakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, siyo kwa Waziri. Saa 48! Mama aliyekuwa anamtafuta mdogo wake chini ya kifusi, kwa sheria yetu angesubiri siku 30.

Kwa hiyo tunapodai mageuzi, tuongeze madai matatu: chombo huru cha kusikiliza rufaa za taarifa, saa 48 kwa taarifa za uhai, na wajibu wa kisheria kwa kila taasisi kusahihisha hadharani ilichokosea.

Mwisho. Yule shangazi, nilimwomba ruhusa kabla ya kumtaja leo. Akaniambia, "Sema, lakini uwaambie na wenzako." Ndiyo nimewaambia. Kabla hujabonyeza kutuma, jua kuna mtu upande wa pili ana ndugu mle ndani.

Fomu za barua ziko kwa katibu pale mlangoni, amechapa 50. Anayejua wapangaji wa Mtaa wa Narung'ombe abaki, huko sina mtu.

Nguvu ya umma!